Mlaji Ndiye Anayechagua Mbegu

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa dayosisi katika semina ya vikundi vya ufugaji wa samaki na wavuvi wadogo, Babati mjini)

Ratiba inasema mada yangu ni uteuzi wa mbegu ya samaki, nami nimepewa muda hadi saa nne na nusu. Nitajitahidi nisile muda wa chai.

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilikitembelea kikundi kimoja cha akina mama kilichokuwa na bwawa la perege. Baadhi yao wako humu ukumbini na wameniruhusu nisimulie. Walikuwa wanajiandaa kwa mavuno ya kwanza, wakaniuliza, "Mratibu, tuvue wote au tuchague?" Nikajibu kwa kujiamini, kama mtu mwenye shahada yake: "Vueni wakubwa muuze. Wadogo waacheni wakue." Ushauri ulionekana wa busara. Hata ninyi mngeutoa.

Wakafanya hivyo msimu wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Niliporudi nikakuta bwawa limejaa samaki wa urefu wa kidole, wote wanazaa. Wateja wa hoteli walishaacha kuja. Samaki walikuwa wakiuzwa kwa mafungu kama dagaa, na fedha iliyopatikana haikutosha hata kununua pumba. Mama mwenyekiti alinishika mkono akanipeleka ukingoni mwa bwawa, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hawa uliosema tuwaache wakue, mbona hawakui?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, ingawa lina sehemu mbili, na ile ya pili ndiyo iliyonifanya niombe nafasi hii.

Sehemu ya kwanza mnaijua: msongamano. Perege akibanwa, chakula kikiwa haba, anadumaa na kuanza kuzaa akiwa mdogo sana, pengine ana gramu 20 au 30 tu. Watoto wake nao wanazidi kujaza bwawa. Huko ni kudumaa kwa njaa, na dawa yake ni nafasi na lishe. Sehemu ya pili ni kwamba sisi wenyewe, kwa nyavu zetu, tunaweza kuwa tumebadilisha mbegu.

Hili naomba nilieleze taratibu, na nitaanza na kuku.

Kila mama hapa amefuga kuku. Chukua ua lenye vifaranga weupe na vifaranga wa rangi ya udongo. Mwewe akija, anamwona nani kwanza? Mweupe. Kesho tena mweupe. Baada ya miaka michache utakuta ua lako limejaa kuku wa rangi ya udongo, na jirani atakuuliza ulinunua wapi mbegu hiyo. Hukununua popote. Wala hakuna kuku hata mmoja aliyejibadilisha rangi kwa kumwogopa mwewe. Weupe waliliwa kabla hawajataga, wa udongo wakataga, na watoto wakarithi rangi ya mama na baba. Mwewe ndiye aliyekuchagulia mbegu, bila kikao wala mpango kazi.

Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi nasikia mtu akisema, "Samaki wamekuwa wajanja siku hizi." Samaki hakai akapanga. Inatosha wawe wanatofautiana tangu kuzaliwa, tofauti hiyo iwe ya kurithiwa, na awepo mtu au mnyama anayewaondoa wa aina fulani kabla hawajazaa. Mambo hayo matatu yakikutana, kizazi kinachofuata hakitafanana sawasawa na kilichotangulia.

Wataalamu huita jambo hili mageuko, na najua neno hilo huwatia wasiwasi baadhi yetu. Sikuja kufungua mjadala wa Mwanzo sura ya kwanza. Ila Mwanzo sura ya 30 wafugaji mnaifahamu, pale Yakobo alipokuwa akichunga kundi la Labani na akahakikisha wanyama wenye nguvu wanazaa upande wake. Mzee yeyote wa Kiiraqw, Kigorowa au Kirangi aliyeko hapa hachinji dume lake bora akabakiza dhaifu lipande majike. Na mahindi vilevile: mbegu ya mwakani huchaguliwa kwenye magunzi manene, wala hatuyali yote tukapanda punje zilizosinyaa. Kwa ng'ombe tuna akili, kwa mahindi tuna akili. Kwa samaki tunakula dume la mbegu, tunabakiza punje zilizosinyaa, halafu tunashangaa mavuno.

Sasa, je, samaki wanaweza kubadilika haraka kiasi hicho, ndani ya miaka ya mradi? Nilipokuwa chuoni nilifundishwa kwamba mambo haya huchukua maelfu ya miaka. Ziko kazi zilizofanyika zinazoonyesha vingine.

Ya kwanza ilifanyika Trinidad, kisiwa cha Karibi. Huko mito hutelemka milimani kwa maporomoko, na mna samaki mdogo anayeitwa gapi, hafiki urefu wa kidole chako. Chini ya maporomoko wanaishi samaki wakubwa wanaomla gapi aliyekomaa. Juu ya maporomoko wakubwa hao hawawezi kupanda. Yuko mlaji mmoja mdogo tu, ambaye hasa huwala gapi wachanga. Gapi wa chini hukomaa mapema wakiwa wadogo, na huzaa watoto wengi wadogo wadogo. Wa juu hawana haraka: hukomaa wakiwa wakubwa zaidi, na huzaa wachache wenye miili mikubwa.

Mwaka 1976 mtafiti John Endler aliwachukua gapi wa chini akawahamishia sehemu ya juu ambako hapakuwa na gapi. Alichofanya ni kuwaondoa kwa mlaji mkubwa. David Reznick na wenzake walifuatilia, na mwaka 1990 walitangaza kwamba baada ya miaka 11, yaani vizazi kati ya 30 na 60, uzao wa wahamiaji wale ulikuwa umeanza kufanana na gapi wa juu. Mahali pengine kwenye mito hiyo hiyo madume walionekana kubadilika ndani ya miaka 4 tu.

Lakini tusikilize walivyothibitisha, maana hapa ndipo palipo na funzo kwa bwawa letu. Hawakuishia kupima samaki wa mtoni, kwa sababu mtu angeweza kusema ni chakula tu, au ni maji. Waliwachukua samaki wa pande zote mbili, wakawalea maabara, maji yale yale, chakula kile kile, kwa vizazi viwili. Tofauti ikabaki. Ndipo wakasema: hii imo kwenye damu, ni ya vinasaba, si njaa. Nitarudi hapo.

Trinidad ni mbali. Tuje nyumbani, Ziwa Victoria.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Sengerema, kando ya Ghuba ya Mwanza. Anasimulia kwamba utotoni mwake kitoweo cha kila siku kilikuwa furu, wale samaki wadogo wenye mifupa mingi, wa rangi zote, nyekundu, buluu, njano. Ziwa lile lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na aina hizo zote zilitokea katika muda ambao kwa hesabu za dunia ni mfupi sana, kwa kuwa ziwa lilikauka na kujaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Wakati huo furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waliokokotwa karibu na sakafu ya ziwa.

Kisha akaletwa sangara. Wakoloni walianza kumpandikiza upande wa Uganda katika miaka ya 1950, akitolewa Ziwa Albert. Sangara anaweza kufikia kilo 200, na furu alikuwa chakula chake kilichoandaliwa tayari. Kwa miaka mingi sangara alionekana kwa nadra, halafu katika miaka ya 1980 akalipuka. Ndani ya miaka michache furu walitoweka kwenye nyavu za Ghuba ya Mwanza. Inakadiriwa aina takriban 200 zilipotea. Mama mkwe anasema watoto waliozaliwa miaka ile walikua bila kumjua furu, walimsikia kama hadithi ya sungura.

Bahati moja ni kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, pamoja na wenzao wa Tanzania ambao baadaye walikuwa chini ya TAFIRI, walikuwa wameanza kazi pale Mwanza mwaka 1977, kabla ya janga. Walikuwa na furu wa zamani ndani ya chupa, wamehifadhiwa kwa dawa. Kwa hiyo miaka ya 1990, viwanda vya minofu vilipowavua sangara kwa wingi na furu wa aina chache wakaanza kurudi, Frans Witte na wenzake waliweza kuwaweka mezani wa zamani na wa sasa, wakapima.

Furu mmoja waliyempima sana ni Haplochromis pyrrhocephalus, mla vijidudu vinavyoelea majini. Jina la Kiswahili la peke yake hana, kwa wavuvi ni furu tu. Aliporudi hakuwa yule yule. Eneo la matamvua yake, yale mashavu mekundu ya kupumulia, lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 64, kwa sababu maji ya ziwa yalishachafuka na hewa imepungua. Kichwa kilikuwa kidogo zaidi, macho madogo zaidi. Na sehemu ya nyuma karibu na mkia, inayompa samaki nguvu ya kuchomoka ghafla, ilikuwa kubwa zaidi ukilinganisha na kichwa. Aliye na mkia wenye nguvu ndiye anayemponyoka sangara. Yote haya ndani ya miongo miwili, yaani katika umri wa kijana aliyekaa pale nyuma.

Witte na wenzake walikuwa waangalifu. Walisema mabadiliko hayo yanaweza kuwa mchanganyiko: sehemu ni mwili wa samaki kujirekebisha kulingana na maji aliyokulia, sehemu ni mbegu iliyochujwa. Napenda uangalifu huo, na sisi wa miradi tungeuiga tunapoandika taarifa kwa wafadhili.

Mfano unaotuhusu zaidi ni dagaa, kwa sababu dagaa analiwa na walaji wawili. Anamla sangara, na tunamla sisi. Dagaa tunaowanunua hapa sokoni Babati kwa kisado, Wakenya wanawaita omena na Waganda mukene, ndio samaki wanaovuliwa kwa uzito mkubwa kuliko wote Ziwa Victoria. Mwaka 2012 Diana Sharpe, Sylvester Wandera na Lauren Chapman walichapisha utafiti uliolinganisha dagaa katika maziwa 10 ya Uganda, mengine yenye sangara na uvuvi, mengine hayana, na pia dagaa wa Ziwa Victoria katika kipindi cha miongo minne. Palipo na sangara au uvuvi mkali, kwa ujumla dagaa walikuwa wadogo zaidi, walikomaa wakiwa na mwili mdogo zaidi, na nguvu nyingi zaidi ya mwili wao ilikwenda kwenye mayai.

Ukikaa ukafikiri, ni hesabu ya kawaida. Kama nafasi ya kuiona kesho ni ndogo, anayezaa leo ndiye anayeacha watoto. Dagaa mwenye tabia ya kusubiri akue kwanza analiwa na mayai yake tumboni. Mwenye haraka anaacha uzao, na uzao wake una haraka kama yeye. Hakuna aliyewaambia dagaa wafanye hima.

Mtu anaweza kusema, basi vizuri, wanazaa zaidi, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba jike kubwa lina mayai mengi kuliko jike dogo, na kilo moja ya samaki wadogo haina bei ya kilo moja ya wakubwa. Tena kuna swali la kama tunaweza kurudi nyuma.

Hapo nawaletea jaribio la tatu, la David Conover na Stephan Munch, Marekani, lililotangazwa mwaka 2002. Walichukua samaki wadogo wa pwani ya New York, wakawafuga kwenye matangi, wakayagawa makundi. Katika kundi moja kila kizazi waliondoa asilimia 90 ya samaki, wakianzia na wakubwa, wale wadogo waliobaki wakazaa. Katika jingine waliondoa asilimia 90 wakianzia na wadogo, wakubwa wakazaa. Baada ya vizazi 4 tu, samaki wa kundi la pili walikuwa na uzito karibu mara mbili ya wale wa kundi la kwanza, chakula ni kile kile. Na kuna jambo lililonifanya niweke kitabu chini nikamkumbuka mama mwenyekiti: kundi lililokuwa likivunwa wakubwa lilitoa mavuno mazuri kuliko yote mwanzoni. Ndiyo maana ushauri wangu ulionekana wa busara. Msimu wa kwanza ulitoa fedha.

Baadaye waliacha kuchagua, wakaangalia kama samaki watarudi. Walianza kurudi, lakini polepole kuliko walivyoshuka. Ndivyo ilivyo pia baharini. Chewa wa pwani ya Newfoundland, Kanada, walishaonekana wakikomaa wadogo na mapema zaidi kabla uvuvi wao haujafungwa mwaka 1992, na mpaka leo hawajarudia wingi wao wa zamani.

Upande wa kutia moyo upo. Kuanzia mwaka 1988, Ufilipino, wataalamu walikusanya sato kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakawachanganya, na kila kizazi wakawaacha wanaokua haraka ndio wawe wazazi. Kwa vizazi kadhaa ukuaji uliongezeka kwa asilimia 10 hadi 15 kila kizazi. Mbegu ile sasa inafugwa nchi nyingi duniani. Zingatieni kwamba wazazi walitoka kwetu Afrika. Tofauti kati ya mabwawa yao na bwawa la mama mwenyekiti ni nani aliyeachwa azae.

Sasa turudi bwawani. Jana jioni mzee mmoja aliniuliza swali zuri: "Mratibu, ng'ombe namjua baba yake. Samaki nitamjuaje?" Mzee wangu, humjui, na huna haja ya kumjua. Unachohitaji ni kuwatenga walio wa umri mmoja. Ukichota bwawa lililochanganyika ukachagua wakubwa, pengine umechagua wazee tu. Mwenye miezi kumi lazima amzidi mwenye miezi minne, hata kama mbegu yake ni hafifu. Kwa hiyo vifaranga wa siku moja wawekwe pamoja, walishwe sawa, na wakifika umri uliopangwa ndipo wachaguliwe.

La pili, dume la perege hukua haraka kuliko jike, kwa sababu jike hutunza mayai na watoto mdomoni na siku hizo halili. Ukiagiza tu "chagueni wakubwa wawe wazazi", utaishia na bwawa la madume. Na mimi niliposema "vueni wakubwa muuze", niliwaondolea wale akina mama madume na wanaokua haraka kwa mkupuo mmoja. Chagueni madume bora kati ya madume, na majike bora kati ya majike. Nao wawe wengi. Kikundi kinachoanza na wazazi sita au saba, baada ya vizazi vichache ndugu wanazaana, na hapo matatizo mengine yanaanza hata kama uliwachagua vizuri.

La tatu, mlaji anaweza pia kuwa rafiki. Kambale wadogo wakiingizwa kwenye bwawa la perege wakubwa hula vifaranga wanaojaza bwawa, na walioko wanapata nafasi. Ila kambale awe mdogo kuliko perege unaowafuga, la sivyo utafuga kambale peke yake. Nao wasiingie kabisa kwenye bwawa la wazazi.

Kuhusu ziwa letu la Babati, wavuvi mlisema asubuhi kwamba perege wa siku hizi ni wadogo. Nawasikia. Kabla hatujasema ni mbegu, kuna njaa, kuna tope linaloshuka kutoka mashambani, na kuna kuvuliwa kabla ya umri. Naomba pia mtu asitoke hapa akisema Mratibu ameruhusu nyavu za macho madogo. La hasha. Kokoro halichagui, linamaliza wote pamoja na mayai yao. Nyavu ya macho makubwa inampa mdogo nafasi ya kuzaa walau mara moja, na kwa hilo sheria iko sahihi. Lakini nyavu ya kutega ina siri yake: wadogo wanapita, wanaokua haraka wananasa mapema, na anayechelewa kukua anaishi siku nyingi zaidi. Ikiachwa peke yake, nayo inachuja mbegu.

Kwa sangara wa Ziwa Victoria iliwahi kuwekwa kanuni ya kuvua wale wa kati ya sentimita 50 na 85, ili wachanga na wazazi wakubwa wote waachwe. Kusimamia kanuni hiyo kulikuwa na ubishi wake, maana sangara mkubwa ndiye mwenye fedha, na mvuvi aliyemkuta kwenye nyavu amekwisha kufa angemrudisha majini kwa faida ya nani? Mimi binafsi kwa ziwa dogo kama letu naona ni rahisi zaidi kutenga sehemu ya matete na mazalia isiyoguswa kabisa, samaki wa kila umri akae humo mpaka azeeke. Viboko wetu watatusaidia ulinzi. Lakini hilo ni la kujadiliwa na wavuvi wenyewe pamoja na ofisi ya uvuvi ya wilaya, si la kuamuliwa na mradi.

Nabaki na deni la mama mwenyekiti. Je, bwawa lake lilikuwa na njaa au mbegu mbovu? Kwa kuangalia tu huwezi kusema, na mtu atakayekuambia anajua kwa kuangalia, usimwamini. Tutafanya walivyofanya wale wa Trinidad, kwa uwezo wetu wa kijijini. Tutachukua vifaranga wa bwawa lile, na vifaranga wa mbegu mpya kutoka kituo cha serikali, idadi sawa, umri sawa. Tutawaweka kwenye vibwawa viwili vilivyochimbwa sawa, chakula kipimwe kwa mizani, na kila mwezi tuvue wachache tuwapime. Halafu watoto wao nao tuwalee hivyo hivyo, kwa sababu kizazi cha kwanza kinaweza kuwa bado kinabeba udhaifu wa mama aliyekuwa na njaa. Wakikua sawa, ilikuwa njaa, na mbegu yao tutaendelea nayo kwa lishe bora. Wakibaki nyuma, bwawa litakaushwa, litapigwa chokaa, na tutaanza upya na wazazi waliochaguliwa.

Kazi hiyo itachukua mwaka mmoja na zaidi, na inahitaji daftari linalojazwa bila kurukaruka. Akina mama wale wamekubali kutoa bwawa moja. Tunahitaji kikundi kingine chenye maji ya uhakika hadi kiangazi kiishe, kitoe la pili na kikubali pia kuwa mwaka huo hakitauza samaki wa bwawa hilo. Mradi utatoa mizani, chakula na mbegu. Kikundi kilicho tayari kimwandikishe katibu wake kwangu kabla ya chakula cha mchana. Sasa twendeni tukanywe chai.